Saisi wa Rungwe Mpya, Poni wa Watu na Dogo Anayetaka Kuacha Shule

Mshkaji ana miaka 24, mzaliwa wa Rungwe Mpya, Kasulu, mkoani Kigoma. Jina lake linabaki kapuni maana bado yupo kazini. Ni saisi, yaani mtunza farasi, kwenye zizi moja pande za Karen, Nairobi. Alfajiri anazoa samadi, anapiga brashi, anachokonoa kwato, anafunga tandiko, halafu anamkabidhi poni mtoto wa miaka 12 aliyeshushwa na gari ya mama yake.

Waha kwenda mbali kutafuta hela sio stori mpya. Babu zao walienda mpaka Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba. Ila farasi? Ukizunguka Kasulu utakutana na ng'ombe wa pembe ndefu, mbuzi, na baiskeli zilizobeba mkaa mpaka mwendeshaji haonekani. Farasi na mapori yenye mbung'o haviendani kabisa, na kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na vidudu vidogo vinavyouma, ukimpata farasi asiye na chanjo mara nyingi ndio basi tena. Kwa hiyo mama yake mzazi mpaka leo anauliza kwenye simu: huyo mnyama mnamla lini?

Sasa balaa limeanzia kwenye hizo simu. Jamaa alikuwa anarusha video kwenye grupu la familia, watoto wanaruka viunzi na poni. Mdogo wake, miaka 14, kidato cha kwanza, akanogewa. Nyuma ya nyumba akapanga miti juu ya matofali akawa anairuka kwa miguu yake mwenyewe, huku anapiga kelele za kwato. Watu wakacheka. Wangejua kwamba Finland kuna mabinti wanaruka viunzi kwa miguu wakiwa na farasi wa fimbo mwenye kichwa cha kitambaa, na wana mashindano ya taifa kabisa, pengine wasingecheka sana.

Kumbe dogo hatanii. Anataka aache shule aende Nairobi kwa kaka yake akapande poni.

Hapo ndipo saisi akaanza kufuatilia nchi moja baada ya nyingine, usiku, kwa bando lake mwenyewe. Sheria za kimataifa ziko wazi. Shirikisho la mchezo huu, lenye makao Lausanne, Uswisi, linasema poni asizidi sentimita 148 begani bila viatu vya chuma. Mpandaji wa daraja la poni anaanza mwaka anaotimiza miaka 12 na mwisho wake ni mwaka anaotimiza 16. Ukiangusha mti mmoja unakula pointi 4 za adhabu, ukianguka wewe umetolewa. Hiyo ni sawa kila mahali.

Kisichokuwa sawa ni poni ni wa nani.

Uingereza na Ireland madaraja yanagawanywa kwa urefu wa poni: 128, 138, 148. Mtoto akirefuka anahitaji poni mwingine, na mara nyingi anayefungua pochi ni mzazi. Marekani nako wana mashindano ambayo hayaangalii nani kawahi kumaliza, majaji wanatazama poni anavyoruka kwa utulivu na mtoto anavyokaa. Ukiwa na poni mzuri wa bei umeshatangulia nusu ya safari, tuseme ukweli. Kenya imerithi mambo ya Waingereza mpaka vilabu vya poni vya watoto, na jamaa anashuhudia kila siku: mtoto ana poni, poni ana saisi, saisi ana chumba cha kupanga.

Ufaransa ndiyo iliyomkosesha usingizi. Kule vilabu vingi vina poni wao. Mtoto analipia somo, anapanda ngazi za ujuzi kuanzia 1 mpaka 7, na kila Julai vilabu vinajazana Lamotte-Beuvron kwenye ubingwa wa taifa, wengi wakiwa juu ya poni wa klabu. Mtoto asiyemiliki hata mkia wa farasi anashindana.

Halafu kuna Olimpiki ya Vijana. Ilipoanza Singapore mwaka 2010, hakuna aliyesafiri na farasi wake. Farasi walitolewa na wenyeji, wakagawiwa kwa kura, ukapewa siku chache mzoeane. Jamaa aliirudia video hiyo mara nyingi sana, kwa sababu kupanda farasi usiyemjua ni kitu anachokifanya kila asubuhi kumtuliza poni kabla mwenyewe hajafika. Hakuna anayempigia makofi.

Sasa hesabu ya dogo. Akimaliza kidato cha nne atakuwa na 17, mlango wa poni umeshafungwa. Utabaki daraja la vijana wa mpaka miaka 18, na hao hupanda farasi wakubwa. Akija sasa hivi, Karen hakuna atakayempa poni wa kushindania, watampa toroli la samadi kama kaka yake alivyopewa. Na cheti hana.

Jamaa alimwambia hivyo hivyo, bila kupamba. Dogo akanuna, akajitoa kwenye grupu la familia. Mama akalia kwenye simu, akamwambia mwanangu wewe ndiye uliyemuonyesha.

Wiki iliyopita saisi alimuomba bosi wake kitu kimoja: likizo ya Desemba mdogo wake aje wiki mbili, apande poni mzee ambaye hashindani tena, saisi mwenyewe atashika kamba. Bosi amesema atafikiria. Nauli ya Kasulu mpaka Mwanza, halafu Sirari, halafu Nairobi, jamaa ameshaanza kuidunduliza. Dogo hajaambiwa kitu, maana bosi akikataa itakuwa msiba mwingine.

Ungekuwa wewe ndiye kaka mtu, ungemwambia sasa hivi au ungesubiri jibu?