Musoma Peke Yangu: Siku Nne Bila Mume Wala Mizigo Mingi

Siku hizi kila mwenye kazi nzuri mjini ana picha ya Bangkok au Singapore kwenye simu yake. Hakuna ubaya, dunia ni ya wote. Lakini muulize huyo huyo kama ameshafika Musoma, atakujibu kwa swali: "Kwani kule kuna nini?" Mimi niliamua kwenda kujionea, na nilikwenda peke yangu.

Hapo kwenye "peke yangu" ndipo palipokuwa na kazi. Nina mume na mtoto wa miaka minne. Mama mkwe alipiga simu kuuliza kama tumegombana. Shoga zangu nao: "Utamwachaje mwanaume mwenyewe wiki nzima?" Hatukuwa tumegombana. Ila mimi na mwenzangu tulifika mahali tunaongea mambo mawili tu: ada ya chekechea na umeme wa Luku. Usiku kila mtu na simu yake. Yeye ndiye aliyesema, "Nenda. Labda ukirudi tutakuwa na la kuongea." Maneno yale yaliniuma, nikayabeba hadi Mara.

Kutoka Mwanza hadi Musoma ni kama kilometa 220 za lami. Unapita Magu na Lamadi, ziwa likijitokeza na kupotea kushoto kwako. Kabla ya Bunda, upande wa kulia, liko lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti. Ukibahatika unaona pundamilia ukiwa umekaa kwenye siti ya basi, bila kulipa kiingilio. Basi linakuacha Bweri, nje kidogo ya mji, unamalizia kwa bajaji au bodaboda.

Gesti nilikofikia, dada wa mapokezi aliniuliza, "Mko wawili?" Nikamwambia niko mwenyewe. Akatupa jicho mlangoni nyuma yangu, kama vile kuna mtu amejificha. Jioni nikaagiza sato wa kukaanga kwa ugali wa muhogo. Nusu saa nzima nilijifanya nasoma meseji, maana kula peke yako mbele za watu kunataka moyo. Samaki alipofika nikaweka simu kwenye pochi. Samaki yule hakutaka mchezo.

Siku ya pili niliutembea mji kwa miguu. Musoma imekaa kwenye ncha ya nchi iliyoingia ziwani, kwa hiyo karibu kila barabara ukiifuata sana inakufikisha majini. Mwigobero kuna soko, mitumbwi na kelele za kutosha. Kuna mawe makubwa yaliyopandana ambayo hutaacha kuyapiga picha. Iko pia Shule ya Msingi Mwisenge, ambako Julius Nyerere alianza darasa la kwanza mwaka 1934, akiwa na miaka 12. Wewe unayesema umechelewa kuanza masomo ya jioni, fikiria hilo.

Siku ya tatu, Butiama. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao Mwitongo, karibu na makaburi ya wazazi wake. Makumbusho yake yalifunguliwa mwaka huo huo. Kuna picha, zawadi alizopewa na vitu vyake vya kawaida kabisa. Mimi nilichokifikiria sana pale ni vitabu. Huyu mtu alikuwa na nchi nzima mabegani, bado alipata muda wa kutafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, ikatoka 1963, na Mabepari wa Venisi, 1969. Kutafsiri ni kazi ya kukaa mwenyewe. Sijui kwa nini sisi wengine tunadhani ukishaoa au kuolewa, kukaa mwenyewe ni dalili ya ugomvi.

Jibu nilipewa siku ya nne, Bugwema. Hii ni kata ya Musoma Vijijini, na bonde lake linatajwa kwa mpango wa kilimo cha umwagiliaji tangu miaka ya 1970. Haimo kwenye vipeperushi vya watalii. Nilikaribishwa na mama mmoja aliyekuwa anamenya mihogo. Baada ya shikamoo na marahaba, swali likaja: "Mwanangu, mume umemwacha na nani?" Nikasema na mtoto. Akacheka hadi kisu kikamwanguka.

Kumbe wa kwake huvua dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti kitu, wavuvi wanapumzika. "Kukiwa giza yuko ziwani, mwezi ukijaa yuko hapa," aliniambia. "Akirudi tunaongea mpaka watoto wanalalamika." Nikamuuliza kama hachoki kungoja. "Kungoja kunachosha," akasema, "lakini kukaa na mtu asiyesema kunachosha zaidi."

Usiku ule nilimpigia mume wangu. Tuliongea dakika arobaini, Luku haikutajwa. Alinieleza mtoto alivyokataa uji, nami nikamweleza habari za mwezi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na mimi nataka zamu yangu." Swali la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa lile lile la mama mkwe. Nikalimeza. Ameshachagua Kigoma, na mimi nitabaki na mtoto.

Ukitaka kujaribu, haya yatakusaidia. Panga kufika kabla ya giza, na mwachie mtu wako jina la gesti. Kwenye bodaboda dai kofia ngumu, na patana bei kabla hujapanda. Ziwa ni zuri kulitazama, ila kuna kichocho, na sehemu nyingine mamba na viboko, kwa hiyo waulize wenyeji kabla hujatia hata mguu. Vijijini anza na salamu, kamera baadaye. Na ukiulizwa mwenzio yuko wapi, jibu tu yuko nyumbani, hajambo, anakusalimu.