Mashine ya Hewa ya Moto na Kitanda cha Mjukuu

Ndugu msomaji, ikiwa umewahi kufiwa na chombo cha kazi ulichokizoea, huna haja ya kuelezwa masikitiko yangu. Mashine yangu ya kupulizia hewa ya moto, ile ambayo mafundi wengi huiita blowa, ilikata roho Jumamosi moja nikiwa nimepiga magoti mbele ya gari, taa ya upande mmoja ikining'inia kwa nyaya zake. Ilitoa harufu ya kuungua, ikakohoa, ikanyamaza. Feni nayo ilisimama papo hapo.

Jirani yangu, ambaye ni fundi umeme, aliifungua juu ya meza ya barazani. Ndani mlikuwa na waya mwembamba wa nikeli na kromiamu uliozungushwa juu ya vipande vya maika, nao ulikuwa umekatika. Alinieleza kwamba katika mashine nyingi za bei nafuu mota ya feni ni ya volti chache tu, na hupata umeme wake kupitia sehemu ya waya huo huo wa joto. Hivyo waya ukikatika, joto na upepo hufa pamoja.

"Mzee," akaniuliza kwa adabu, "ukimaliza kazi huwa unaizimaje?"

Nilikiri kwamba huizima ghafla na kuilaza chini. Alitikisa kichwa. Waya uliowaka hadi kuwa mwekundu hutaka kupozwa na upepo wa mashine yenyewe: hupunguzwa joto hadi mwisho, mashine ikaachwa ipulize dakika moja au mbili, ndipo huzimwa. Kwa miaka yote nilikuwa nikiiua kidogo kidogo, huku nikijiona fundi.

Basi nilijiandaa kwenda Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta nyingine. Mama watoto wangu alinisindikiza hadi mlangoni kwa agizo moja: ninunue yenye nguvu ya kutosha kubandua rangi ya kile kitanda cha mtoto kilichomo stoo. Watoto wetu wote watatu walilala humo, na binti yetu alikuwa amebakiza miezi miwili ajifungue. Nikaahidi.

Dukani, msomaji wangu, utasifiwa nyuzi joto. Kijana aliyenipokea kwa shikamoo alinionyesha moja ya nyuzi 650 za sentigredi, kisha nyingine ya nyuzi 600, kana kwamba nilikuwa nikitafuta tanuri la kufulia chuma. Lakini tazama kazi zenyewe. Ule mrija wa plastiki tunaouvalisha juu ya maungio ya nyaya za gari ili usinyae na kuyabana huhitaji nyuzi kama 90 hadi 120 tu. Bomba la PVC hulainika karibu na nyuzi 80. Ukilichoma kupita kiasi hutoa moshi unaowasha koo na kudhuru mapafu. Bampa za magari mengi hutengenezwa kwa polipropilini, ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 160, kwa hiyo anayetaka kunyoosha bonde kwenye bampa lake hana budi kulibembeleza. Tinti na stika kuukuu hutoka kwa joto la wastani, mkono ukitembea daima, maana kioo kikichomwa mahali pamoja hupasuka. Mashine isiyo na la kufanya ila kuwaka kwa nguvu zote itakuharibia kila kimoja cha vitu hivyo. Ile yangu ya zamani ilikuwa na swichi ya hatua mbili tu, na bampa langu lina kovu la kuthibitisha.

Nilichagua yenye kirungu cha kurekebisha joto kuanzia nyuzi 50 hadi 600, na swichi ya upepo iliyo mbali na kirungu hicho. Nilitaka pia iweze kusimama yenyewe mdomo ukitazama juu, na iwe na kile kipande cha mdomo kilichopinda kama kijiko, ambacho huuzungusha moto nyuma ya waya ili mrija usinyae pande zote. Waya wake wa umeme uwe mnene, kwani wati 2000 kwa volti 230 huvuta karibu ampea 9, na waya mwembamba wa kuunganishia, hasa ukiwa umekunjwa, huweza kuyeyuka kabla ya kazi kuanza.

Usiku ule ule nikaijaribu kwa mita. Juu ya mita yangu ya luku pameandikwa kwamba taa yake humemeta mara 1000 kwa kila uniti moja. Nilizima kila kitu nyumbani, hata friji, nikaiwasha mashine kwa moto wote na kuhesabu. Mara 25 kwa dakika! Hiyo ni mara 1500 kwa saa, yaani wati 1500, si 2000 zilizoandikwa. Nililala na hasira, nikitunga maneno ya kumwambia yule kijana.

Asubuhi, kabla ya kupanda basi, nikahesabu tena. Mara 33. Mashine ilikuwa ya kweli. Usiku mtaa mzima ulikuwa umewasha vyombo na umeme wetu umeshuka; na volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, nguvu ya waya wa joto hubaki kama robo tatu. Kijana wa watu alinusurika kutukanwa bure.

Taa ya gari niliimaliza kwa nusu saa, kebo ya betri ikiwa imefunguliwa na mafuta ya petroli yakiwa mbali, maana mvuke wake hauhitaji kuona mwali ili uwake.

Kikabaki kitanda. Nilikitoa stoo, nikapiga kirungu hadi juu, na rangi ya kwanza ikaanza kufura kama ngozi iliyoungua. Chini yake kulikuwa na rangi ya njano, na chini ya njano nyekundu iliyokoza, ya zamani kuliko watoto wetu. Hapo ndipo nilipoizima mashine, safari hii kwa utaratibu. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi. Joto kali huifukiza, msasa mkavu huigeuza vumbi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Ubongo wa mtoto mchanga ndio huumia zaidi. Sikuwa na namna ya kuipima rangi ile.

Mama watoto alisimama mlangoni akanitazama nikifagia vipande kwa kitambaa kibichi. "Wetu watatu walilala humo," alisema, "na mmoja alikuwa akiguguna ule ubao wa juu."

Sikuwa na jibu. Kukigawa nisingeweza, kukichoma kuni vilevile. Nilikifunga kwa turubai na kukirudisha stoo. Mjukuu alizaliwa mwezi wa pili baadaye, akalazwa katika kitanda cha mninga kisichopakwa kitu, alichokichonga seremala wa mtaa wa pili. Mashine naitumia kwa gari.