Msimu wa Kupanda na Msimu wa Kutafuta

Ofisi za utalii za Moshi zina kalenda yao. Kuanzia Juni hadi Oktoba mlima Kilimanjaro unajaa wageni. Vuli ya Novemba inawapunguza, mwishoni mwa Desemba wanarudi, na hadi Februari mambo ni mazuri. Kisha masika yanaingia, njia ya Machame inageuka tope, na wapagazi wengi wanarudi mashambani. Kwa miaka mingi, kila mvua za Machi zilipoanza, mimi ndiye niliyekuwa nikizima matangazo. Nilikuwa nikiingia kwenye akaunti, nasitisha kampeni moja baada ya nyingine, kisha naenda kumwambia Mzee, mwenye kampuni, kwamba dola hazitoki tena. Mzee alikuwa akiuliza swali lilelile kila mwaka: “Mwanangu, hao waliokuja mwaka jana, bila hizi dola wasingekuja?” Nilikuwa namjibu kwa idadi ya mibofyo, naye alikuwa ananiangalia kama mtu aliyeuliza bei ya ng’ombe akaambiwa urefu wa mkia.

Yeye alianza kama mpagazi, akawa mwongoza wageni, akafungua ofisi yake. Wageni wake wa mwanzo walikuja kwa barua na faksi, wakitumwa na watu aliokwisha kuwapandisha. Nilipoajiriwa, katikati ya miaka ya 2000, intaneti yetu ilikuwa ya setilaiti, ya polepole na ya gharama. Kebo ya intaneti ya SEACOM, ya chini ya bahari, ilikuwa haijafika pwani ya Afrika Mashariki, na haikufika mpaka Julai 2009. Ofisi haikuwa na kadi ya benki iliyokubalika mtandaoni. Akaunti ya matangazo tuliifungua kwa kadi ya shemeji yake Mzee aliyekuwa akiishi Ujerumani, na fedha zake tulimrudishia mkononi alipokuja Krismasi.

Biashara yenyewe ya kulipia mbofyo ilikuwa bado changa. Mwaka 1998 Mmarekani Bill Gross, kupitia GoTo.com, aliwafanya watangazaji washindanie maneno kwa mnada: mwenye dau kubwa anakaa juu, na halipi chochote mpaka mtu abofye. Google ilianzisha AdWords Oktoba 2000 ikiwa na wateja 350, ambao mwanzoni walilipia mara ambazo tangazo limeonekana. Februari 2002 nayo ikaleta mnada wa mibofyo, lakini ikaongeza kipimo kimoja: nafasi ya tangazo haikuamuliwa na dau peke yake, iliangaliwa pia watu wanalibofya mara ngapi. Tena hukutozwa dau lako lote, ulitozwa kiasi cha kutosha kumpita aliye chini yako. Sisi wa ofisi ya vyumba viwili pale mjini tuliupenda mpango huo. Tangazo lililoandikwa vizuri kuhusu njia ya Lemosho lingeweza kukaa juu ya la wakala mkubwa wa ng’ambo aliyeandika habari za Afrika nzima.

Miaka ile kazi ilikuwa ya maneno. Nilichagua mwenyewe kila neno tunalolinunua, na nikajifunza upesi kwamba neno “Kilimanjaro” lenyewe, likiachwa peke yake, linakula fedha. Dunia nzima inalitafuta kwa sababu zake. Wako wanaotaka bia, wako wanaotaka maji ya chupa, wako wanaotafuta hoteli ya Dar es Salaam. Wanafunzi wanatafuta hadithi ya Ernest Hemingway ya mwaka 1936, na wazazi wao filamu yake ya 1952. Mwaka 2010 ikaja mibofyo mingi kutoka India, tukafurahi, hadi tulipogundua kuwa filamu ya Kitamil iitwayo Enthiran ina wimbo wenye jina la mlima wetu, ambao picha zake walikwenda kuzipiga Machu Picchu, kule Peru. Kila niliposoma orodha ya yale ambayo watu wameandika, niliongeza maneno ya kuzuia: bia, filamu, wimbo, hoteli, maji. Baada ya muda orodha ya maneno tuliyoyakataa ikawa ndefu kuliko ya yale tuliyoyanunua.

Kusitisha kulikuwa rahisi wakati huo. Ulizima Machi, ukawasha Mei, na ulivyoviacha ulivikuta: maneno yaleyale, madau yaleyale, matangazo yaleyale. Sababu ya kuzima ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya mfukoni. Katika masika fedha haziingii, basi zisitoke.

Aliyetikisa utaratibu huo ni dada wa mahesabu. Alikuwa hajali mibofyo hata kidogo, alijali mafaili. Siku moja alichukua mafaili ya msimu uliopita, akaandika kwenye karatasi tarehe ya barua pepe ya kwanza ya kila mgeni, na pembeni yake tarehe aliyoingia getini. Kisha akaja mezani kwangu. “Kaka, hawa wa Julai na Agosti wametuandikia lini? Soma mwenyewe.” Wengi walikuwa wametuandikia Januari, Februari na Machi. Baadhi waliandika Aprili, wakati sisi tumezima na tunasubiri mvua ikatike.

Ukifikiri, haishangazi. Mtu wa Ulaya au Marekani hapandi mlima wa mita 5,895 kwa kuamua wiki iliyopita. Anaomba likizo kazini, anatafuta tiketi ya ndege, anafanya mazoezi, anachanjwa. Anaanza kutafuta akiwa kwenye baridi ya mwanzo wa mwaka, anapopanga likizo ya kiangazi chao. Msimu wa kupanda ni wetu, unafuata mvua za hapa. Msimu wa kutafuta ni wao, unafuata kalenda ya ofisi zao na shule za watoto wao. Tangazo linaishi katika msimu wa pili. Kuanzia mwaka uliofuata masika hayakuzima tena matangazo yetu; tulipunguza mwezi Septemba na Oktoba, wakati mlima umejaa, wapagazi wote wana kazi, na anayebofya ni mtu aliyekwishachelewa. Mzee alipoona dola zinatoka wakati wa mvua alikuna kichwa, lakini dada alimwonyesha ile karatasi, akatulia.

Polepole chombo chenyewe, AdWords, kikabadilika mikononi mwetu. Kuanzia Septemba 2014 watangazaji wote walilazimika kupokea neno pamoja na ndugu zake wa karibu, yaani umoja na wingi wake, na makosa ya tahajia. Februari 2016 matangazo ya upande wa kulia wa matokeo ya utafutaji kwenye kompyuta yaliondolewa, ushindani ukahamia kwenye nafasi chache za juu na za chini ya ukurasa. Oktoba 2017 kanuni ya bajeti ilibadilishwa: siku moja iliweza kutumia hadi mara mbili ya kiwango ulichoweka, ilimradi mwezi mzima usizidi mara 30.4 ya kiwango hicho. Hesabu hiyo humfaa anayetangaza mwezi mzima. Kwa anayewasha na kuzima katikati ya mwezi, siku nzito huweza kuja na siku nyepesi za kuzifidia zisifike. Julai 2018 AdWords ikaitwa Google Ads, na mwaka huohuo hata neno ulilotaka lilingane neno kwa neno likaruhusiwa kukutana na utafutaji wenye maana inayofanana nalo. Nani anaamua kwamba maana zinafanana? Mashine.

Madau nayo yakaingia kwenye mashine. Wewe unaieleza unachotaka, kwa mfano mgeni ajaze fomu ya maulizo, nayo inakadiria kwa kila utafutaji dau la kuweka. Inafanya hivyo kwa kujifunza kutokana na yaliyopita, na kujifunza kunahitaji mtiririko. Hapo ndipo kusitisha kulipoanza kuogopwa. Ukizima kwa muda mrefu, ukiwasha unaiambia mashine ianze kukadiria katika soko ambalo limesogea, na siku za mwanzo zinaweza kuwa ghali. Washauri wa matangazo tuliosikiliza walikuwa na neno moja: usizime, punguza. Kitufe kilikuwa palepale, lakini kidole kilisita.

Machi 2020 hakukuwa na cha kusita. Tarehe 16 mwezi huo Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, na Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa. Maulizo yaliyobaki yalikuwa ya kuahirisha na kurudishiwa fedha. Tulizima kila kitu kwa dakika chache. Safari za ndege zilifunguliwa tena tarehe 18 Mei, lakini wageni hawakurudi siku hiyo, na akaunti tuliiacha imelala.

Wageni walipoanza kurudi, ilikuwa kabla hatujawasha tangazo hata moja. Wengine walikuwa wameahirisha safari zao, wengine walitumwa na marafiki, wengine walitusoma kwenye tovuti za maoni ya wasafiri. Swali la Mzee likarudi, safari hii likitoka kinywani mwa dada wa mahesabu: kama hawa wamekuja bila matangazo, wale wa zamani walikuja na nini?

Ulimwengu ulikuwa umekwishalijibu swali hilo kwa kiasi. Mwaka 2012 eBay, kampuni ya soko la mtandaoni, ilisimamisha baadhi ya matangazo yake ya utafutaji kwa makusudi, ili kupima. Wachumi Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis walioongoza jaribio hilo walichapisha matokeo yake katika jarida la Econometrica mwaka 2015. Walipoacha kulipia matangazo yanayotokea mtu anapoandika jina la eBay lenyewe, karibu watu wote, asilimia 99.5 ya mibofyo, walifika vilevile kwa kupitia kiungo cha bure kilicho chini. Kwa maneno mengine ya kawaida, yasiyo na jina la kampuni, tangazo lilikuwa na nguvu kwa watu wapya na kwa wanaonunua mara chache, lakini si kwa wateja wa kila siku.

Tuliwasha tena matangazo, kisha nasi tukajaribu kwa kipimo chetu. Tulisubiri Januari, mwezi ambao kuzima kunauma. Jina la kampuni yetu tuliliacha kulinunua kila mahali. Maneno ya njia za mlima tuliyaacha yakiendelea Ujerumani na tukayazima Uholanzi, nchi mbili ambazo zilikuwa zikituletea maulizo kwa mwendo tunaoujua. Dada akafungua daftari, akawa anamuuliza kila mwandishi wa barua pepe alitupata wapi.

Kwa jina letu, ilikuwa vilevile kama eBay: hakuna kilichopungua. Mtu aliyeambiwa na rafiki yake aandike jina letu alitufikia, tulipe tusilipe. Kwa Uholanzi, maulizo ya watu wasiotujua yalipungua kweli. Lakini tulipowafuata hadi mwisho, wale wasiotujua ndio waliokuwa wakiandikia kampuni nyingi kwa mpigo na kuchagua bei ya chini kabisa, bei ambayo mtu akiikubali lazima aibane posho ya mpagazi. Mzee, ambaye aliwahi kubeba mzigo kichwani hadi kambi ya Kibo, hakuwa tayari kushindana hapo. Dada akapiga hesabu ya dola tulizotoa kwa kila mgeni mpya aliyelipa kweli, akaiweka mbele yake. Mzee akaisoma mara moja tu. “Funga,” akasema.

Kufunga si sawa na kusitisha, na tulifanya kwa utaratibu. Kusitisha kampeni kunazuia matangazo, lakini akaunti inabaki wazi na kadi inabaki ndani yake. Mibofyo iliyokwishafanyika inatozwa hata kama umezima jana. Kufunga kunasimamisha vyote, deni lililobaki linalipwa, na salio la anayelipa kabla linarudishwa. Historia inaendelea kusomeka, na mwenye akaunti anaweza kuifungua tena baadaye. Kabla ya kufunga tulipakua ankara zote kwa ajili ya mahesabu ya kodi, pamoja na ripoti za maneno ambayo watu waliandika, maana hizo zilikuwa elimu ya miaka. Mpaka leo tunazitumia tunapoandika kurasa za tovuti: tunajua mgeni anauliza nini kuhusu njia ya Rongai, na kwa maneno gani.

Fedha zile sasa zinakwenda kwa kijana anayejibu maulizo, maana tuligundua mgeni anayejibiwa siku hiyohiyo haendi kuulizia kwingine kwa urahisi. Wageni wasiotujua wamepungua, nasi tunajua kwa kiasi gani, kwa kuwa tulipima kabla ya kuamua.

Majuzi vijana wawili waliofungua kampuni yao mtaa wa pili walikuja kumwamkia Mzee na kumuuliza kama nao wafunge akaunti yao. Aliwatuma kwangu. Niliwaambia wasituige. Sisi tuna watu wa miaka mingi wanaotaja jina letu huko waliko. Wao hakuna anayewajua, na mtu asiyekujua ndiye ambaye tangazo linamfikia. Niliwashauri waache kulipia jina lao wenyewe, wasizime kwa sababu ya mvua, na ikifika Januari wachague nchi moja tu, waizime, wahesabu walioandika na waliolipa. Waliondoka na orodha yetu ya maneno ya kuzuia, kuanzia bia hadi wimbo wa Kitamil, na nasikia akaunti yao inaendelea.