Kulea Uhai

Kati ya mwaka wa 1973 na 1974, wanaakiolojia waliochimba kaburi la tatu la Mawangdui, mjini Changsha nchini Uchina, walipata kitambaa cha hariri kilichochorwa watu 44. Wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee, kila mmoja yumo katika zoezi lake: huyu ameinua mikono, yule ameinama, mwingine amejinyoosha mfano wa ndege. Kando ya baadhi yao pameandikwa jina la mnyama anayeigwa, au maradhi yanayotibiwa, kama vile maumivu ya goti. Hayo ndiyo mazoezi ya daoyin, ambayo baadaye wafuasi wa Dao waliyahifadhi na kuyaendeleza.

Daoyin maana yake ni kuongoza na kuvuta: pumzi huongozwa, viungo huvutwa. Lengo lake huitwa yangsheng, yaani kulea uhai. Kitenzi hicho kina uzito. Wahenga walinena kwamba kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Vivyo hivyo, kupewa uhai si kazi. Kazi ni kuulea. Na mlezi hazimiliki siku za mwana. Alicho nacho ni uangalizi wake tu.

Hapo ndipo penye fumbo la Mawangdui. Kaburi hilo lilifungwa mwaka wa 168 K.K., na aliyezikwa humo, anayeaminika kuwa mwana wa Li Cang, waziri mkuu wa dola ya Changsha, alifariki akiwa na umri wa miaka thelathini hivi. Picha ya maisha marefu ilifukiwa pamoja na maisha mafupi.

Je, basi mazoezi hayo ni kazi bure? La hasha. Kitabu cha Zhuangzi, nguzo mojawapo ya fikra za Dao, kiliwakosoa waliojinyoosha kama dubu na ndege kwa uchu wa umri mrefu tu. Uchu huo uliwaponza hata wafalme: Wuzong wa nasaba ya Tang alifariki mwaka wa 846 baada ya kunywa dawa zilizodhaniwa kuleta maisha ya milele.

Daoyin hudai machache: kusimama wima, kupumua taratibu, kuzungusha mabega, kuusugua uso kwa viganja. Haiahidi karne. Mwenye goti linalouma huunyoosha mguu wake asubuhi ili aweze kutembea mchana. Na mchana huo, uwe wa mwisho au la, ni sehemu ya uhai aliopewa aulee.