Ufunguo Aliushika Bwana

Hannah Cullwick alianza kazi za ndani akiwa na miaka minane. Alizaliwa mwaka 1833 huko Shifnal, mji mdogo wa Shropshire nchini Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi, mama yake aliwahi kuwa mtumishi. Akapitia kidogo shule ya hisani, akajua kusoma na kuandika, kisha akakabidhiwa ndoo na brashi. Enzi za Malkia Victoria hiyo haikuwa habari ya kumshtua mtu. Katika Uingereza na Wales wanawake zaidi ya milioni moja waliishi kwa kutumikia nyumba za wengine, na hata karani wa mshahara mdogo alijibana ili awe na japo msichana mmoja wa kazi, maana asiye na mtumishi hakuhesabiwa miongoni mwa watu wa heshima.

Huyo msichana wa peke yake ndiye aliyekiona cha moto. Kwenye majumba makubwa kazi ziligawanywa, mpishi na lake, wa vyumbani na lake, wa kuosha vyombo na lake. Aliyekuwa mmoja alibeba yote. Aliamka kabla ya wenye nyumba, akazoa majivu, akasugua meko kwa dawa nyeusi mpaka yang'ae, akawasha moto, akapandisha makaa na maji ya moto ghorofani, akateremsha vyungu vya haja, akapiga magoti kusugua ngazi za mlangoni huku wapita njia wakimtazama, kisha zikamsubiri buti za kila mtu. Hannah alikuwa na desturi ya kuzihesabu buti alizosafisha, akaiandika hesabu yake kama mfanyabiashara anavyoandika mauzo.

Aliandika. Hilo ndilo lililonifanya nimfuatilie. Mtumishi wa wakati ule, anayelala hoi usiku wa manane, hakuwa na nafasi ya kuweka shajara, na hata angekuwa nayo, nani angeisoma? Kwa Hannah alikuwepo msomaji mmoja, na ni huyo aliyemwomba aandike.

Mei 1854 Hannah, aliyekuwa anatimiza miaka 21, alikutana na Arthur Munby barabarani London. Munby alikuwa mtoto wa wakili wa York, amesoma Trinity College, Cambridge, amejifunza sheria na anatunga mashairi. Baadaye akaajiriwa kwenye tume iliyosimamia mali za Kanisa la Uingereza, akakaa huko hadi mwaka 1888. Alialikwa kwenye karamu za watu wenye majina. Lakini alikuwa na jambo lake. Alivutiwa na wanawake wa kazi za sulubu. Alifunga safari hadi Wigan kuwatazama wanawake wa kwenye machimbo ya makaa ya mawe, akasimama kuwahoji wauza maziwa na wachuuzi wa mitaani, akakusanya picha zao na kujaza daftari kwa habari zao. Mikono iliyochubuka ilimvuta kuliko glavu za hariri. Watu waliokula naye mezani hawakujua ukubwa wa jambo hilo.

Wakapendana, yeye na Hannah, na mapenzi yao yakaishi kichochoroni kwa karibu miaka 20 kabla ya ndoa. Hannah akahama nyumba hadi nyumba akifanya kazi kwa watu wengine, huku akimpelekea Munby kurasa za kazi zake za kila siku. Alimwita "Massa", neno walilotumia watumwa wa Marekani kwa wenye kuwamiliki. Alivaa ukanda wa ngozi kwenye kifundo cha mkono, na shingoni mnyororo uliofungwa kwa kufuli. Ufunguo aliushika Munby.

Sitajifanya kwamba hili halinikeri. Kuna waandishi wanaolipita haraka, wakisema yalikuwa mambo ya wapenzi wawili na michezo yao. Wengine wanamuona Hannah kama mhanga tu asiye na akili yake. Mimi nakwama katikati. Nikisoma kwamba mwanamume aliyesoma Cambridge alifurahia kuitwa jina la mwenye watumwa, siwezi kulitazama kwa macho ya London peke yake. Walioana tarehe 14 Januari 1873, kwa siri, katika kanisa moja la Clerkenwell. Juni ya mwaka huohuo Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Mkunazini, akiwa amebanwa na Waingereza. Sisemi kwamba mnyororo wa Hannah ni sawa na ule wa Mkunazini. Aliyepigwa mnada Mkunazini hakuulizwa anapenda nini. Nasema tu kwamba taifa lililokuja kutufundisha ubaya wa minyororo lilikuwa na ya kwake, mingine ya chuma na mingine ya tabaka, na ile ya tabaka haikuwekewa mkataba.

Maana hiyo ya tabaka ndiyo iliyomtisha Munby. Hapakuwa na sheria iliyomzuia bwana kumuoa mtumishi. Palikuwa na kicheko tu. Palikuwa na mialiko ambayo ingekoma, ndugu wa York ambao wangeinamisha vichwa kwa aibu, wake za marafiki ambao wasingekubali kukaa meza moja na mwanamke mwenye viganja vya kusugulia sakafu. Kwa hiyo baada ya ndoa Hannah alihamia kwenye makazi ya Munby, pale Fig Tree Court katika mtaa wa mawakili wa Inner Temple, na majirani wakaambiwa kwamba Bwana Munby amepata mtumishi. Wageni walipokuja, mke aliwahudumia na kurudi jikoni. Wakienda matembezi Ufaransa alivaa kama bibi wa daraja la juu, na wakirudi alivaa aproni yake.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mtumishi wa ndani ndiye anayejua nani hakulala kitandani kwake, barua ipi ilichanwa, chupa ipi imefichwa nyuma ya kabati. Waingereza wa enzi ile walijenga ngazi ya nyuma ili watumishi wasionekane, wala hawakufikiri kwamba asiyeonekana ndiye anayeona vizuri. Lakini kuijua siri ya mtu na kuitunza ni vitu viwili. Kuijua kunakupa nguvu fulani. Kuitunza kunakutoza kila siku. Munby akitoka asubuhi aliiacha siri nyumbani, akaenda ofisini akiwa mtu mzima wa heshima zake. Hannah alishinda nayo jikoni. Fundi, mfua nguo, mke wa bawabu, wote walizungumza naye kama mtumishi, naye akawajibu kama mtumishi, hali ana cheti cha ndoa. Mwenye siri alikuwa mwanamume, aliyeilipia ni mwanamke. Huku kwetu wake wa siri wanaijua hesabu hiyo bila kufundishwa na Mwingereza.

Na bado nisingemwandika kama habari yake ingeishia hapo. Kinachonirudisha kwa Hannah ni masharti aliyoyaweka yeye.

Kwanza, hakuitaka ndoa kwa pupa. Aliandika kwamba kile kibali cha ndoa na sherehe havikuwa na uzito kwake mbele ya mapenzi waliyokwisha kuwa nayo. Pili, hakutaka kufanywa bibi. Munby alijaribu mara kadhaa kumvuta kwenye maisha ya kukaa sebuleni, naye akayaona ni kifungo, kuvaa glavu, kukaa wima, kutofanya kitu, kungoja kuhudumiwa. Alijivunia nguvu za mikono yake na ustadi wake. Tatu, na hili ndilo kubwa, alishikilia kulipwa. Hata alipokuwa mke, alitaka mshahara wake kwa kazi yake, na jina la ukoo wake, Cullwick, hakuliacha.

Nimelitafakari sana hilo la mshahara. Mtu anayependwa anadai malipo? Wengi wetu tungesema ana moyo mkavu. Lakini sikiliza tunavyozungumza kwenye nyumba zetu. Nimekaa kwenye vikao vya familia, chai mezani, dada wa kazi akiingia na kutoka, na mwenye nyumba akisema kwa sauti ya upole kabisa, "Huyu si mfanyakazi, huyu ni kama mwanangu." Nilipokuwa mdogo niliona ni wema. Sasa nikisikia hivyo nauliza kimoyomoyo, mwezi huu amelipwa? Maana mara nyingi sentensi hiyo hufuatwa na nyingine: hela yake namtunzia, akienda kwao nitampa zote. Au: mshahara wa nini, si anakula, analala, namvisha? Undugu unatolewa mahali ambapo shilingi ilipaswa kutolewa. Mwana wa kweli wa nyumba ile anakwenda shule asubuhi, "kama mwanangu" anabaki na deki. Akikosea anakumbushwa kwamba ni mfanyakazi. Akidai, anakumbushwa kwamba ni ndugu.

Najua kuna nyumba ambazo undugu huo ni wa kweli. Najua madada waliozeshwa na waajiri wao kwa heshima zote, waliofunguliwa cherehani au duka, wanaorudi sikukuu na watoto wao wakimwita mama wa nyumba ile bibi. Sizungumzii hao, na hao, ukiwauliza, watakwambia walilipwa mwezi kwa mwezi pia.

Hannah aliuona mtego huo akiwa ndani ya mapenzi, si nje yake, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Alimpenda Munby maisha yake yote. Alimwosha miguu, alimwita bwana, alivaa kufuli yake. Lakini kazi aliiita kazi, na kazi ina ujira. Ujira ule ulimpa kitu ambacho mke wa sebuleni wa enzi ile hakuwa nacho kwa urahisi. Hadi sheria zilipobadilishwa mwaka 1870 na 1882, mali ya mwanamke aliyeolewa Uingereza ilihesabiwa kuwa ya mumewe, labda awe wa familia tajiri iliyomwekea mkataba. Bibi aliyeletewa chai kitandani hakuwa na senti aliyoweza kuiita yake. Aliyempelekea ile chai alikuwa nayo, japo kidogo, mwisho wa robo mwaka.

Ndiyo maana aliweza kuondoka. Mwaka 1877, miaka minne tu baada ya ndoa, Hannah aliiacha London akarudi Shropshire. Wanaojua maisha yao hutaja afya, ugomvi, uchovu wa kuigiza. Mimi sihitaji sababu kubwa. Mtu mzima mwenye miaka 44 akiambiwa kila mgeni akibisha hodi ajifanye si mke wa mumewe, siku moja atachoka. Lakini hawakuachana. Munby akawa anapanda treni kumfuata, mwaka baada ya mwaka, kwa miaka mingi. Huko kijijini, mbali na mawakili wenzake, alikaa naye kwenye nyumba ndogo na kula chakula chake. Bwana ndiye aliyekuwa msafiri sasa. Mtumishi alikuwa kwake.

Wapo watakaosema Munby naye alikuwa mfungwa wa zama zake, na angefanya nini? Nakubali nusu. Zama zinambana mtu, lakini hazimzuii kumwambia rafiki yake ukweli mezani, na aliowaambia walikuwa wachache mno. Alikuwa na pesa, elimu, jina, na nchi nyingine za kuhamia. Hannah hakuwa na kimoja katika hivyo, na bado ndiye aliyechukua uamuzi wa kwanza wa wazi katika ndoa ile. Mapenzi ya Munby yalikuwa ya kweli, na woga wake ulikuwa wa kweli vilevile. Aliyeulipia woga huo hakuwa yeye.

Hannah alikufa Julai 1909. Munby alimfuata Januari 1910. Wosia wake uliposomwa ndipo dunia yake ikajua kwamba yule mzee kapera alikuwa na mke tangu 1873, na kwamba mke huyo alikuwa mtumishi. Magazeti yakapata la kuandika. Aliacha masanduku ya shajara, barua na picha, akaagiza yasifunguliwe hadi mwaka 1950. Jumba la makumbusho la British Museum halikuyataka, Trinity College ikayapokea. Hata akiwa kaburini alitaka miaka mingine 40 ya kujificha.

Masanduku yakafunguliwa mwaka 1950. Munby alichapisha vitabu kadhaa vya mashairi alipokuwa hai, na leo ni wachache wanaovitafuta. Kurasa ambazo Hannah aliziandika usiku, baada ya kusafisha buti, zilihaririwa na kuchapishwa kuwa kitabu mwaka 1984. Jina lililoandikwa kwenye jalada ni Hannah Cullwick.