Taipei hadi Shanghai: kilomita zilezile, saa tofauti

Wiki hii nina kazi ya mteja mmoja hapa Nairobi anayewakatia tikiti wafanyabiashara wanaokwenda Asia kununua bidhaa. Ombi lake ni fupi: mtu achague miji miwili, programu impe umbali na muda wa kuruka.

Umbali hausumbui. Ni zile hesabu za latitudo na longitudo za kidato cha nne: unachukua nusu kipenyo cha dunia, kilomita 6,371, unapiga hesabu, basi. Nilijaribu Taipei na Shanghai. Kutoka uwanja wa Taoyuan hadi Pudong nikapata kama kilomita 680. Gawanya kwa 850, kasi ya kawaida ya ndege ya abiria ikiwa juu, unapata dakika 48. Mteja akafurahi, akasema tumemaliza. Nikamwambia bado.

Tangu 1949 China Bara na Taiwan hazikuwa na safari za ndege za moja kwa moja. Mtu wa Taipei mwenye kiwanda karibu na Shanghai alipitia Hong Kong au Macau, akashuka, akapanda ndege nyingine. Kwa njia ya Hong Kong ni kama kilomita 2,060, mara tatu ya hesabu yangu, na siku karibu yote imeisha. Mwaka 2003 kulikuwa na ndege za kukodi za Mwaka Mpya wa Kichina, nazo zililazimika kutua njiani. Julai 2008 zikaanza za wikendi, bila kutua, lakini bado zikizunguka kupitia anga ya Hong Kong. Ni tarehe 15 Desemba 2008 ndipo zilipoanza safari za kila siku na njia iliyonyooka.

Angalia basi: kati ya 2002 na 2009 miji haikusogea hata mita moja. Fomula ingetoa jibu lilelile miaka yote hiyo, na msafiri angekuwa anafika usiku.

Hata leo ratiba za safari hiyo huandika karibu saa mbili, si dakika 48. Ndege hutembea ardhini, hupanda polepole, husubiri zamu ya kutua. Tena kila mji una viwanja viwili: tangu Juni 2010 kuna safari za Songshan hadi Hongqiao, vilivyo karibu zaidi na katikati ya miji. Kwa hivyo hata "Taipei" si nukta moja kwenye ramani.

Uamuzi wangu ni huu. Umbali utapigwa hesabu na programu. Muda utatoka kwenye ratiba, kiwanja kwa kiwanja, ukiwa na tarehe ya ratiba yenyewe. Pasipo na ratiba, nafasi inabaki tupu.

Mteja hapendi nafasi tupu, anasema zinaonekana kama kazi haijaisha. Lakini abiria wake huunganisha ndege, na wengine wamekopa nauli. Akiona dakika 48 atapanga ndege inayofuata kwa dakika hizo, na ikimwacha, tikiti mpya atainunua yeye, si mimi wala fomula.

Tunakutana tena Jumatatu. Nafasi tupu sitazijaza. Nanyi mnaoandika programu za safari, mnaweka nini hapo?