Volti 11.5

Kijana aliniuliza mara moja tu. "Fundi, hii iko namba 5, ile mpya iko namba 3. Haina neno?" Nikamwambia akaze nati za kebo, tumechelewa.

Kilikuwa kiwanda cha kuchambua pamba, Kanda ya Ziwa. Transfoma ya zamani, ya kVA 500, ilikuwa imezidiwa. Wenye kiwanda wakanunua nyingine ya ukubwa huohuo, nami nikapewa kazi ya kuziunganisha sambamba zigawane mzigo. Vibati vyao nilivisoma vizuri: zote volti 11,000 kwa 400, zote Dyn11, zote impidansi asilimia 4. Kabla ya kufunga brekeri ya kuziunganisha, nikapima kati ya fezi nyekundu ya huku na nyekundu ya kule. Kama mfungo wa vilima ungetofautiana, mita ingeonyesha mamia ya volti na ningekimbia. Ilionyesha 11.5. Nikacheka. Hata betri ya pikipiki inaishinda.

Sikujiuliza volti hizo zitapita wapi. Brekeri ikishafungwa, kati ya transfoma na mwenzake hakuna mashine wala taa ya kuzizuia. Kuna impidansi ya vilima tu, na ya zote mbili ukijumlisha haifiki omu 0.026. Gawanya mwenyewe.

Tukafunga. Ya zamani ikaanza kuunguruma kwa sauti nzito, nami nikajifanya sisikii. Jioni mashine zote zikawashwa. Haukupita muda brekeri ya transfoma ya zamani ikaruka, mzigo wote ukaiangukia mpya, nayo ikaruka. Giza totoro, pamba imekwama kwenye rola.

Usiku ule niliwasha tena, swichi za mashine zote zikiwa chini, nikaibana kebo kwa klampu mita. Ampea 450! Hata feni ya ofisini haikuwa inazunguka. Transfoma ile mwisho wake ni ampea 722, na zaidi ya nusu yake ilikuwa inazunguka bure kati ya hizo mbili, ikichemsha mafuta. Namba 5 kwenye tepu, swichi ya kurekebisha volti, ilikuwa ya enzi zile umeme ukifika hafifu; mtu aliiweka hapo kupandisha volti kwa asilimia 5, ikasahaulika. Ile mpya ilitoka kiwandani ikiwa katikati, kwenye 3. Nikazima pande zote mbili, maana tepu ya namna ile haigeuzwi ikiwa na umeme, nikairudisha ya zamani kwenye 3. Nikapima tena. Mita ikasoma 0.2.

Kazi ya dakika kumi, na sikumwambia mtu.

Asubuhi meneja alipouliza, nilidanganya. Nilisema nati za kebo zilikazwa ovyo, kebo zikapata moto. Kijana alikuwa amesimama palepale. Alinitazama, kisha akatazama chini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa kazini, yeye miezi minne, na alikuwa kibarua. Akalipwa siku zake. Kwenye daftari la matengenezo niliandika "terminali zimelegea", nikatia saini, na ukurasa ule haujafutwa mpaka leo.

Kabla hajaondoka alikuja kunirudishia spana yangu. Alikuwa ameifuta grisi.